Breki za Nyuma Zinapong'ang'ania: Tuliyojifunza Mtoni Kutokana na Gari la Huduma



Katika toleo hili tumeonelea vema kuzungumzia jambo ambalo kamati nyingi huliona ni la gereji na wala si la kikao: breki za nyuma za gari kuukuu. Tumelichagua kwa sababu sisi wenyewe tulilipuuza, na karibu tumpoteze mfanyakazi mwaminifu. Tunawaandikia wajumbe wa kamati za parokia wanaosimamia magari, na wafadhili wanaoyanunua, ili mwingine asirudie kosa letu.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux dabo kabini ya zamani, inayotumiwa na huduma ya wagonjwa majumbani hapa Mtoni. Asubuhi huwapeleka wahudumu Mtongani, Kijichi na hadi Mbagala. Mchana hubeba wagonjwa kwenda hospitali na kuwarudisha. Tenki moja la dizeli lilikuwa likitosha wiki nzima. Baada ya masika ya mwaka 2024, ambayo sote tunakumbuka mvua zake zilivyozidi, tenki lile lile likaanza kuisha siku ya Alhamisi.

Kwenye kikao tuliuliza swali ambalo kamati yoyote ingeuliza: dizeli inakwenda wapi? Dereva wetu alijibu kwa upole, "Baba mwenyekiti, gari limekuwa zito. Sijachukua hata lita moja." Hatukumwamini. Tulimpumzisha kazi kwa wiki mbili ili tuchunguze, tukaazima dereva mwingine. Wiki ya kwanza tenki likaisha Alhamisi. Wiki ya pili likaisha Alhamisi. Siku ya Ijumaa, pale Mbagala Rangi Tatu, mhudumu mmoja aliposhuka alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akasogeza mkono kwenye rimu ya nyuma upande wa kulia, akaurudisha haraka. Rimu ilikuwa ya moto kama jiko.

Mwizi wa dizeli alikuwa breki. Gari lilikuwa likitembea huku gurudumu moja limeshikwa, na injini ikichoma mafuta ya ziada ili kulivuta.

BREKI ZA NYUMA ZINAVYOFANYA KAZI

Magari mengi ya zamani yanayotumika katika miradi yetu, zikiwemo Hilux, yana breki za dramu nyuma. Dramu ni kama sufuria la chuma lililolazwa ubavu, na huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vya breki, ambavyo gereji huitwa breki shuu, vyenye umbo la mwezi mwandamo. Kila kiatu kimebandikwa laini, yaani ile sehemu inayosugua.

Dereva anapokanyaga breki, masta silinda iliyo karibu na injini husukuma mafuta ya breki kwenye mabomba hadi nyuma. Kati ya fremu ya gari na ekseli kuna bomba la mpira, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka barabarani. Mafuta huingia kwenye silinda ndogo ndani ya kila dramu, yakasukuma pistoni mbili, nazo zikatanua viatu hadi vishike dramu. Dereva anapoachia, springi huvuta viatu virudi mahali pake.

Hendibreki hufanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Yenyewe haitumii mafuta bali waya. Kwenye Hilux za zamani, waya huo huvuta mkono mdogo wa chuma ulio nyuma ya kila dramu, kwa nje, na mkono huo ndio unaotanua viatu. Umekaa mahali panaporushiwa tope na maji, na kinga yake ni mpira mdogo tu. Mpira ukipasuka, kutu huingia.

Tukumbuke basi kwamba breki ina kazi mbili: kushika na kuachia. Sisi hukagua ya kwanza tu. Gari likisimama vizuri, tunasema breki ni nzima. Breki iliyokwama hushika vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba haiachii.

KWA NINI INATOKEA SANA KWETU

Mtoni tunaishi karibu na bahari na mikoko, na mto Kizinga unapita kwetu. Hewa ina chumvi. Masika yakija, madimbwi hufika kwenye ekseli. Chuma kinachotumika kila siku hujisugua na kubaki safi, lakini gari likisimama wiki mbili tatu likiwa limelowa, kutu huanza kazi. Hatari zaidi ni gari lililooshwa au kupita majini kisha likaegeshwa na hendibreki imevutwa. Viatu hubanwa kwenye dramu yenye maji, na baada ya siku kadhaa laini na chuma hushikana kwa kutu.

Sababu ya pili ni mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani. Aina ya DOT 3 inatakiwa kuchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi ikiwa mpya, lakini ikishanyonya maji kipimo chake ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Maji hayo pia hutia kutu ndani ya silinda, na pistoni zikakwama. Ndiyo maana inashauriwa mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua.

Sababu ya tatu ni mafuta yasiyo sahihi. Mafuta ya injini, dizeli au mafuta ya taa yakiingia kwenye mfumo wa breki, mipira ya ndani huvimba. Mpira wa masta silinda ukivimba huziba kitundu cha kurudishia mafuta, na breki za magurudumu yote huweza kujifunga njiani.

DALILI ZA KUANGALIA

Dereva ndiye daktari wa kwanza wa gari. Akiripoti mojawapo ya mambo yafuatayo, aandikwe na asikilizwe:

1. Gari ni zito kuondoka, na ukitoa gia mahali tambarare halitelezi, bali linasimama upesi.

2. Mafuta ya gari yanaisha mapema kuliko kawaida kwa safari zile zile.

3. Kuna harufu ya kuungua, au rimu moja ina joto kuliko nyingine.

4. Gari linavuta upande mmoja, au gurudumu la nyuma huserereka kwa breki ndogo tu.

5. Asubuhi gari linatoa mlio wa "tak!" nyuma kabla ya kuanza kutembea, hasa baada ya mvua.

6. Baada ya safari ndefu pedali inakuwa laini na kwenda chini. Hii ni dalili ya hatari. Mafuta ya breki yamechemka, na mvuke hausukumi pistoni. Simamisha gari mara moja.

JINSI YA KUTAFUTA TATIZO HATUA KWA HATUA

Hatua hizi afanye fundi. Tunaziandika ili mjumbe aliyepo gereji ajue kinachofanyika na aweze kuuliza. Kanuni ni moja: anza na kisichogharimu kitu, na usifungue chochote kabla ya kujua ni gurudumu lipi.

Kwanza, usalama. Gari liwe mahali tambarare. Kwa kuwa hendibreki itaachiwa na gia itatolewa, weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka liwekwe juu ya stendi za chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Pili, pima joto. Endesha gari kilomita 10 hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha zote nne. Joto kidogo ni kawaida. Usimwagie maji dramu ya moto, inaweza kupasuka.

Joto hilo linaeleza mengi. Kama ni gurudumu moja tu la nyuma, tatizo liko kwenye gurudumu hilo: silinda yake ndogo, viatu vyake, springi zake, au mkono wake wa hendibreki. Kama ni ya nyuma yote mawili, shuku kile yanachoshirikiana: hendibreki iliyokazwa mno, au bomba la mpira la nyuma. Kama ni yote manne, usipoteze muda nyuma. Tazama masta silinda na pedali.

Tatu, inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Gia iwe imetolewa na hendibreki imeachiwa. Litakuwa na uzito kidogo kwa sababu linazungusha difu na propela, na mchakacho mdogo wa laini si ugonjwa. Lakini lisipozunguka, au likizunguka kwa kusukumwa na watu wawili, limeshikwa. Likizunguka kwa ngurumo na kucheza ukilitikisa, huenda ni beringi, nayo huleta joto vilevile.

Nne, jaribu hendibreki. Mtu mmoja avute na kuachia, mwingine atazame ule mkono wa chuma nyuma ya dramu. Unapaswa kurudi wenyewe hadi mwisho wake. Usiporudi, legeza waya. Mkono ukirudi baada ya waya kulegezwa, waya ndio umekwama ndani ya ganda lake. Ukibaki pale pale hata waya ukiwa umelegea, mkono wenyewe umeshikwa na kutu.

Tano, jaribu pedali. Mtu akanyage breki na kuachia. Gurudumu likikataa kuachia, fundi afungue kidogo nati ya kutolea upepo iliyo nyuma ya dramu. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru papo hapo, basi kulikuwa na msukumo ulionaswa. Hapo afunge nati, akanyage tena, kisha alegeze bomba kwenye kiungo kilicho kabla ya lile bomba la mpira. Kama mafuta yanatoka hapo lakini magurudumu bado yameshikwa, bomba la mpira limeziba kwa ndani. Kwa nje linaweza kuonekana zima, lakini ndani limevimba: mguu wa dereva una nguvu ya kupitisha mafuta, springi hazina nguvu ya kuyarudisha. Magurudumu yakiachia, tatizo liko mbele zaidi, kuelekea masta silinda.

Sita, kama nati imefunguliwa, waya umelegezwa, na bado gurudumu limeshikwa, sasa ndipo dramu ifunguliwe. Dramu za Hilux zina matundu mawili madogo yenye meno. Fundi huingiza boliti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, kidogo kidogo, dramu ikajisukuma yenyewe. Ikikataa, alegeze ajasta kupitia tundu la nyuma. Kuipiga ukingoni kwa nyundo nzito ni kuivunja, kwa sababu ni chuma cha kalibu.

Ndani ya dramu fundi aangalie pistoni kama zinasogea, mipira ya silinda kama imelowa, springi kama zimekatika au kulegea, na laini kama imebaki ya kutosha. Madoa ya buluu kwenye dramu ni alama ya joto kali. Upana wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye dramu yenyewe; ikizidi hapo haifai kuchongwa tena. Kukiwa na unyevu, auchunguze: mafuta ya difu ni mazito na yana harufu kali, na yanatoka kwenye sili ya ekseli, si kwenye breki.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa kitupwe kikiwa kimefungwa kwenye mfuko.

TULICHOKIKUTA KWENYE GARI LETU

Fundi wa kwanza tuliyempata njiani alitushauri apondeponde bomba la chuma linalokwenda gurudumu la kulia ili mafuta yasifike, "mtembee tu." Tunashukuru tulikataa. Kwanza, dawa hiyo isingesaidia, kwa sababu hatukujua bado kama tatizo ni la mafuta au la waya. Pili, gari lenye breki upande mmoja tu wa nyuma huweza kugeuka likifunga breki kwenye lami iliyolowa, na sisi tunabeba wagonjwa wasioweza hata kujishikilia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo hairuhusu gari bovu kutembea barabarani, na parokia haina msamaha.

Fundi wa pili alifuata hatua tulizozieleza. Joto lilikuwa gurudumu moja. Nati ya kutolea upepo haikuleta nafuu. Alipolegeza waya, ule mkono wa nyuma ya dramu ya kulia haukurudi hata kidogo. Mpira wake ulikuwa umepasuka na ndani kumejaa kutu na tope lililokauka. Joto la wiki nyingi lilikuwa limeshaharibu mipira ya silinda na kuunguza laini. Kama tungegundua mapema, kazi ingekuwa kusafisha mkono, kuutia grisi na kubadilisha mpira mdogo. Kwa kuchelewa, tulinunua viatu vya pande zote mbili na silinda mbili.

Swali lilibaki: nani aliliacha gari na hendibreki? Tulifungua kitabu cha gari. Mwezi wa Aprili dereva alikuwa likizo. Uwanja ulijaa maji, na mmoja wetu, mjumbe wa kamati, ndiye aliyelitoa gari kwenye maji, akaliegesha palipoinuka na kuvuta hendibreki kwa nguvu. Likakaa hivyo hadi dereva aliporudi. Alifanya kwa nia njema, lakini kosa lilikuwa letu, nasi tulikuwa tumelitwika mtu mwingine.

Tulimwita dereva kwenye kikao kile kile tulichomtuhumu, mbele ya wajumbe wale wale, tukamwomba radhi na kumlipa siku zake zote. Alituambia, "Mimi niliwaambia ni zito." Hakuongeza neno. Tunakiri kwamba dalili ya kwanza katika orodha yetu aliitaja siku ya kwanza kabisa.

TUNAYOPENDEKEZA KWA KAMATI

1. Kitabu cha gari kiwe na safu ya kilomita, lita, na maelezo ya dereva. Matumizi ya mafuta yakipanda, gari lipimwe kabla ya mtu kuhojiwa. Kupima joto la rimu nne hakugharimu hata shilingi moja.

2. Gari linaloegeshwa siku nyingi, hasa wakati wa mvua, liachwe ndani ya gia na kuwekewa magogo, bila hendibreki. Angalau mara moja kwa wiki mtu aliwashe na kulisogeza mbele na nyuma. Baada ya kuoshwa au kupita majini, dereva akanyage breki mara kadhaa akiwa mwendo mdogo ili dramu zikauke kabla ya kuegesha.

3. Kabla ya masika na kabla ya vuli, dramu zifunguliwe, zisafishwe, na mikono ya hendibreki itiwe grisi. Kazi hii ni ya siku moja.

4. Viatu na silinda vibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, ili gari lisivute upande mmoja. Baada ya kazi, upepo utolewe na gari lijaribiwe mahali pasipo na watu kabla ya kubeba mgonjwa.

5. Spea kuukuu zirudishwe kwenye kamati ndani ya boksi, pamoja na risiti. Wajumbe waone kwa macho kilichobadilishwa. Hii humlinda fundi, dereva na mweka hazina kwa pamoja. Mafuta ya breki yanunuliwe kwenye kopo lililofungwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda. Kopo lililobaki wazi rafuni limeshanyonya unyevu.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa magari mliyotupatia. Tunaelewa kwamba ni rahisi kupiga picha mbele ya gari jipya kuliko mbele ya kopo la mafuta ya breki. Lakini gari la huduma likikosa fungu la matengenezo, kamati huahirisha, na breki haziahirishi kuharibika. Tunaomba kila bajeti ya gari iwe na mstari wa matengenezo unaojitegemea, usiochanganywa na mafuta. Ilipokuwa fedha moja, sisi tulipoona dizeli imezidi tulitafuta mwizi, wala hatukutafuta ubovu.

Gari letu sasa linatembea. Tenki limerudi kutosha wiki nzima, na anayeliendesha ni dereva wetu yule yule. Kila Jumatatu kabla ya kuondoka hulisukuma kidogo kwa mkono pale uwanjani, na mjumbe wa zamu husimama pembeni kuona kama linateleza. Parokia zenye gari la umri kama letu tunaziomba zifanye vivyo hivyo wiki hii, kabla ya kikao kijacho.